Nipewe Usimamizi, Kisha Nifunge Chumba cha Watoto?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Ijumaa haijafika, na tafadhali usinipe pole, pole nimeshapewa hadi zinamwagika, mimi nataka akili.

Mimi ni fundi cherehani katika kiwanda kinachoshona sare za shule, ni mke wa fundi bomba na mama wa binti mmoja, na pale kazini tuna utaratibu wetu ambao hatukufundishwa na mtu: kila siku mmoja wetu anainuka kwenye cherehani yake anakwenda kukaa na watoto wetu katika chumba kilichokuwa cha mabaki ya vitambaa, anawalisha, anawalaza, anawaamulia ugomvi, na sisi tuliobaki tunamshonea fungu lake, huyu kola, yule mikono, hadi jioni kazi yake imetimia kama vile hakuondoka, na tangu tuanze hivyo hakuna mwenzetu aliyeacha kazi kwa sababu amejifungua, wala anayejichoma sindano kwa kumuwaza mtoto aliyeachwa kwa jirani.

Sasa msimamizi wetu mzee anastaafu, na bosi kaniita ofisini kaniambia nafasi ni yangu, mwanamke wa kwanza, nikafurahi, kumbe furaha yenyewe ina mkia, maana aliendelea, "Lakini kile chumba nakitaka kiwe stoo ya vifungo. Hapa ni kiwanda, si nyumba ya kulelea watoto. Na uwatangazie wewe mwenyewe, wakisikia kwa mwanamke mwenzao hawatanuna. Ijumaa unipe jibu," na mimi, mshauri, nikajibu samahani bosi, naomba nifikirie, hiyo samahani hata sijui nilikuwa nimekosa nini.

Nyumbani mume wangu kasema, "Chukua cheo, mke wangu, hao wengine watajijua," wifi yangu naye akadakia kwamba mwanamke anayepanda ngazi hawezi kubeba watoto wa wenzake mgongoni, na shoga yangu ninayekaa naye cherehani kwa cherehani sijamwambia kitu, naye ana mimba ya miezi saba na ameshaanza kushona foronya ya kigodoro cha mwanawe cha kulalia humo humo chumbani, ananionyesha, nami namwambia nzuri, kisha naangalia pembeni.

Kilichonimaliza ni binti yangu. Jana alikuwa anacheza ubosi, kavaa viatu vyangu, mwanasesere wake kamsukumia uvunguni, nikamuuliza mbona mtoto umemtupa huko, akanijibu, "Mama, bosi hana mtoto." Nilikaa sakafuni nikalia. Mimi nataka akikua akute mabosi ni akina mama, na chumba cha watoto kipo kazini kama choo kilivyopo, bila mtu kukiombea ruhusa. Sasa nikikataa cheo atapewa mwingine atakayefunga chumba vilevile, nikikubali nitakifunga kwa mkono wangu. Nichague kipi?

Ni mimi, Mshona Kola

Mshona Kola,

Pole sikupi, umeikataa mwenyewe. Akili nitakupa, ila utaanza kwa kugombezwa.

Jambo la wote umelipeleka kwa mume na wifi, watu ambao hawajashika zamu hata moja katika chumba hicho, na shoga yako mwenye mimba ukamficha. Mumeo simlaumu sana, anataka upande. Lakini mwambie kwamba hao "wengine" ndio walioshona fungu lako siku zote ulizokuwa zamu, na ndio waliombembeleza binti yake. Wifi naye mwambie hivi: ngazi inayomtaka mtu atupe watoto ndipo apande, hiyo ni mbovu, inaitiwa fundi.

Bosi wako si mjinga. Anajua akifunga yeye mtanuna, na mkinuna pamoja kiwanda kitanyamaza, ndiyo maana anatafuta mkono wa kike wa kushika kufuli. Hiyo "mwanamke wa kwanza" isikuleweshe. Ukikubali hivyo, utakuwa bawabu wake tu, ila wa gauni.

Halafu unaniuliza uchague kipi! Nani kakwambia ni lazima uache kimoja? Yeye. Na wewe umepokea tu, wewe ambaye hupokei hata kola bila kuigeuza uone mshono wa ndani. Dada, uongozi mnao tayari. Kugawana fungu la mwenzenu, kumjua aliyechoka kabla hajasema, kupanga zamu bila kutoana macho, hiyo ndiyo kazi ya msimamizi, na mmeifanya bila cheo wala kiti. Binti yako hakukosea, alicheza alichokiona, na hotuba haitamsaidia. Anahitaji kumwona bosi mwenye mtoto, na wa karibu kuliko wote ni mama yake.

Fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla cherehani hazijaanza kulia, waambie wote alichosema bosi, neno kwa neno, hata lile la kununa, na uanze na huyo wa foronya. Watakukasirikia kwa kuchelewa. Vumilia, wana haki.

Ijumaa usiingie ofisini peke yako. Ingieni wote mnaoenea, na aliye zamu aje na watoto. Sema: "Kazi naitaka, chumba kinabaki, na anayelea ahesabiwe yuko kazini." Samahani ikikujia mdomoni, imeze. Akikwambia kiwanda si mahali pa watoto, mwulize sare anazouza zinavaliwa na nani.

Akitishia kumpa mwingine, ampe. Huyo mwingine ataingia na cheo chake akute mmesimama kando ya cherehani, kila mwenye mtoto kambeba. Atapiga kelele mrudi kazini, na nyote mtageuka kukutazama wewe. Hapo bosi hatauliza tena msimamizi ni nani.