Gari Ulilotutafutia, Shemeji

Barabara ya Birchwood,
Muskegon, Michigan.
9 Februari 2019

Mpendwa shemeji Vern,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Natumaini wewe na Connie hamjambo, na goti lako limeacha kukusumbua. Nasikia huko Tucson mnatembea na mashati ya mikono mifupi. Sisi huku theluji imefika dirishani. Tu wazima, isipokuwa mimi nina plasta mkono wa kushoto. Bahati ni wa kushoto, la sivyo usingeipata barua hii, na nina mengi ya kukwambia.

Ni habari ya gari. Ndiyo, lile lile jekundu la michezo ulilomtafutia kaka yako Dwight. Nakumbuka ulivyolisifu kwenye simu: limekaa jangwani, halina hata chembe ya kutu, silinda nane, bei ya kutupa. Hukusema uongo. Kulinunua hakukutusumbua, kinachotumaliza ni kuishi nalo.

Matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, kwa hiyo huwezi kuyabadilisha nafasi. Linataka petroli ile ya bei ya juu. Watu wa bima wakisikia jina lake wanakohoa kwanza. Milango ni mirefu mno, ndani ya banda la gari haifunguki yote, na Dwight hutoka kwa kujipindapinda kama anatoka kwenye gunia. Kiti cha nyuma ni cha jina tu. Kiti cha mtoto cha mjukuu wetu Tessa hakiingii, tulilazimisha mpaka mtoto akalia. Mimi nikitaka kushuka lazima nivutwe kwa mikono miwili, na kwa umri wangu naona haya kuvutwa hivyo mbele ya kanisa.

Kiangazi nilivumilia. Jumamosi jioni tulikuwa tukiliegesha kwenye uwanja wa duka la aiskrimu pamoja na wenzake, boneti zimefunguliwa, wanaume wamesimama wanatazama injini zile zile walizozitazama wiki iliyopita. Dwight alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu astaafu kiwandani. Nikajisemea, basi, mwache.

Lakini baridi ya huku unaijua, umekulia hapa. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma halifai kwenye theluji, na chumvi wanayomwaga barabarani inakula bodi kama mchwa. Kila mwenye gari la namna hiyo hulifungia ndani Novemba, na halitoki mpaka mvua za Aprili zioshe barabara. Sawa. Ila banda letu ni la gari moja, na Dwight aliuza pikapu yake ili anunue hilo. Kwa hiyo jekundu likalala ndani, limefunikwa blanketi, betri imechomekwa kwenye umeme, panya wamewekewa vipande vya sabuni wasigugune nyaya. Langu, ambalo ndilo linalonipeleka kazini na kutupeleka wote dukani, likalala nje. Na nani alikuwa akilikwangua barafu kila alfajiri? Mimi shemeji yako.

Wiki mbili zilizopita mlango wa gari langu uliganda. Nikavuta, nikateleza, nikauangukia mkono. Nilisikia unavunjika. Dwight alitoka mbio na ndala miguuni, akaniinua, hilo sikatai. Nikamwambia atoe jekundu twende hospitali. Akasimama, akatazama barabara.

"Wameshamwaga chumvi, Marlys," akasema. "Tungoje kidogo huu mlango wako uyeyuke?"

"Dwight, mkono unaning'inia!"

Akalitoa. Kwa matairi yale ya kiangazi, hatukufika hata mwisho wa mtaa. Nyuma ikatangulia mbele, likazunguka, likajikita kwenye rundo la theluji. Jirani yetu Leroy alikuwa anapita na pikapu yake, akashusha kioo. "Dada Marlys, pole, panda huku. Na wewe mzee, liache toroli lako hilo, twende!"

Unajua kaka yako alijibuje? "Tangulieni tu. Lori la chumvi linarudi sasa hivi, litalimwagia lote." Nilipogeuka nikamwona amevua koti, amelitandika juu ya boneti.

Hospitali muuguzi aliniuliza jina la mtu wangu wa karibu, aliandike. Nilitazama mlango mpaka Leroy akataja jina lake mwenyewe.

Dwight alifika mchana kwa teksi. Neno lake la kwanza: mkwaruzo ni mdogo, ukipigwa polishi utatoka. Vern, nilitaka kumpiga kwa ile plasta mbichi.

Juzi alijirekebisha, au anadhani alijirekebisha. Alilitoa jekundu nje kwenye theluji, akaingiza langu bandani, kisha akaja jikoni akasimama anangoja ashukuriwe. Nikamshukuru. Gari langu sasa linalala ndani, na mimi, tangu siku ile ya hospitali, bado nalala chumba cha wageni. Sina kinyongo na lile bati, shemeji. Kinachoniuma ni kwamba mpaka leo hajaniuliza kama mkono unauma.

Nisalimie sana Connie, na vijana wako Curtis na Robin. Ukifika Mesa mfikishie shangazi Joyce salamu zangu, mwambie soksi alizonifumia ndizo nilizovaa hivi ninavyoandika. Mungu awatunze, na awabakishie jua lenu.

Jambo moja tu nakuomba. Jumapili ukimpigia kaka yako, atataka kukueleza habari za gari. Usimpe nafasi. Muulize mkono wangu uliovunjika ni upi, kisha nyamaza usikilize.

Ndimi shemeji yako, nakupenda hata leo nilivyofura kwa hasira,

Marlys