Mzee wa Sinema Hakujibiwa

Jumamosi, 14 Agosti 1971

Bado nina hasira na yule mwenye mashine ya sinema. Leo kwenye ukumbi wa kambi yetu ya wachuma chai alituonyesha sinema ya mzee aliyefiwa na mtoto, anamwuliza Mungu kwa nini. Mara taa zikawashwa kabla hajajibiwa.

"Wewe, umekata mwisho!" tukapiga kelele.

"Imeisha hivyo, mama," akanijibu.

Jirani yangu Rael akacheka: "Hata mwisho wakubwa wamekula!"

Mimi sikucheka. Tangu tumzike kijana wangu Ayub, nauliza swali hilohilo kila siku nikichuma majani chai. Kanisani nasimama kushuhudia kwamba nimepata amani. Si kweli, Bwana, unajua.

Sasa hivi nimepiga magoti kuomba, maneno yakanikosa kabisa. Lakini sikuinuka. Nilibaki hapo mpaka miguu ikafa ganzi.