Kanda kwa Dakika Kumi

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye kiti cha dirishani, ambako siku hizi nashinda kutwa. Natumaini mguu wako umepona na wajukuu hawakuchoshi. Mimi bado nipo. Daktari anasema moyo wangu umechoka; nimemwambia hata mwenye nao amechoka. Nivumilie mwandiko.

Binti yako alikuja kunitazama Jumamosi. Nilipomwambia nina hamu ya skonzi za machungwa, alikunja mikono ya blauzi akaingia jikoni. Nilimsikia akiparuza maganda na kutwanga iliki, nikajikongoja hadi mlangoni. Alimimina maziwa, akakusanya unga kwa vidole mara tatu nne tu, akaanza kukata. Nikamwuliza mbona hakandi. Alicheka, akasema mama mkubwa, skonzi zisizo na hamira hazikandwi, labda kama unataka kujengea ukuta. Ndivyo ulivyomfundisha tangu hajafikia kimo cha meza.

Zilitoka laini kama za mama. Nikairudisha yangu sahanini.

Maana karatasi ya skonzi uliyoniandikia nilipoolewa ninayo bado. Baada ya maganda ya machungwa na iliki, kwa mwandiko wako, inasema: kanda kwa dakika kumi, bila huruma. Mama alikufundisha wewe wakati mimi niko chuoni, nami nikakuamini. Mimi ni mwalimu, kilichoandikwa nakifuata. Miaka arobaini na moja nimekanda huku nikitazama saa. Marehemu shemeji yako alikuwa akichovya yake kwenye chai hadi ikubali kulika, kisha anauliza kwa upole lini tutakwenda kwako. Watoto waliziita mawe ya mama. Nawe kila ulipokuja ulionja, ukasema huenda ni oveni. Nilibadilisha oveni mbili, mdogo wangu, na ulikuwa unajua! Hila hiyo ningeitarajia kwa jirani, si kwa mtu niliyenyonya naye ziwa moja.

Nilikusudia barua iishie hapo. Nimeiacha mezani siku mbili, nikaona siwezi kuondoka duniani nikijifanya ni mimi peke yangu niliyekosewa.

Kila mwaka unaniuliza mama alisema nini siku zake za mwisho, nami hujibu kwamba alikuwa amelala tu. Si kweli. Wiki ile kazi ilipokuzuia kusafiri, ulimtumia kopo la skonzi pamoja na barua. Mama alikuwa amekataa kila chakula. Nilizipanga kwenye sahani yangu nikampelekea. Alikula mbili, akanishika mkono, akasema hatimaye nimejua kuoka. Maishani mwake hakuwahi kunisifu kwa kitu chochote cha jikoni. Sikumwambia ni zako. Kisha akauliza kama wewe umeleta chochote, hata neno. Nikasema hapana. Barua yako niliichoma bila kuifungua. Siku mbili zilizofuata aliendelea kukuulizia, nami niliendelea kujibu hapana. Alikufa akiamini umemsahau.

Hila yako iliniharibia chai. Yangu ilikunyang'anya mama.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Binti yako anarudi kwako kesho, ndiye atakayekukabidhi barua hii. Ukitaka kunisamehe, njoo. Ukitaka kunitukana, njoo upesi zaidi, maana nataka kukusikia kwa masikio yangu.

Ni mimi,
Dada yako