Simu Kumi za Nabwire

Busia, upande wa Uganda

Mpenzi Mama Wakesho,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, goti likiwa limetulia, na wale tembo wakiwa wametuachia angalau maboga machache. Mimi ni mzima. Malori yanaunguruma dirishani kwangu mchana kutwa yakisubiri kuvuka mpaka, lakini nimeyazoea kama nilivyozoea kukoroma kwako, unakosema hakupo.

Uliniuliza mbona kazi ya miezi mitatu imekuwa mwaka. Nikueleze taratibu. Shule hii inafundisha maajenti wa forodha, yaani watu wanaomjazia mwenye mzigo makaratasi ili lori lake lipite. Mimi natengeneza masomo yao yasomwe kwenye simu. Kazi hiyo inahitaji programu maalumu, nasi tulikuwa na mbili za kuchagua. Masomo ya zote mbili husomwa kwenye simu; tofauti ni pale pa kuyatengenezea. Ya kwanza inakaa ndani ya kompyuta moja tu, ile ya ofisini, kama kabati lisilopita mlangoni. Ina madoido mengi: lori linatembea, honi inalia. Ya pili inafunguliwa mtandaoni, popote, hata sebuleni kwetu Voi. Haina honi. Kwa hiyo ya kwanza ikishinda, nabaki Busia na kabati. Ya pili ikishinda, narudi nikafanyie kazi nyumbani.

Mkuu wetu, Madam Apio, mama kutoka Paya asiyependa maneno mengi, aliniomba nizieleze zote mbili mbele ya wanafunzi. Nikaona si haki kuipendelea ya pili kwa sababu tu nimekukumbuka. Basi nikaisifu ya kwanza saa nzima. Niliisifu vizuri mno. Nilipofika kwenye ya pili, wengine walikuwa wanasinzia.

"Mwalimu, tupatie ile ya honi," wakasema.

Madam Apio akakataa. "Hatuchagui kwa masikio. Kila mtu afanye somo moja katika zote mbili, kwa simu yake."

Kesho yake wote kumi walikuwa wamemaliza. Programu ya kwanza iliandika tu kwamba wamefaulu. Ya pili huweka saa ya kila jibu. Ikaonyesha kwamba alimaliza wa kwanza, ndipo akaanza wa pili, kisha wa tatu, kama foleni ya malori, na wote kumi walikosa swali lilelile la uzito wa saruji.

Mbele ya Madam Apio na darasa zima, nikamwita Nabwire, mwanafunzi hodari kutoka Masinya, ambaye jana yake nilimwona na simu nyingi mezani.

"Nabwire, nani amefanya somo hili?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Na la wenzako?"

"Ni mimi tu. Waliniletea simu na namba za siri."

"Kwa nini?"

Akanitazama kwa huruma. "Si ulitufundisha wewe? Mwenye mzigo hajazi fomu, anapatia ajenti. Simu ndiyo mzigo. Mimi nimepitisha."

"Lakini kwa saruji umetuangusha," mmoja akanung'unika nyuma.

Nilijaribu kukasirika nikashindwa, maana hoja yake ilinyooka kuliko somo langu. Madam Apio alicheka hadi akavua miwani.

"Ile ya honi ingenidanganya," akasema. "Nachukua hii. Lakini mwalimu, maelezo yako ni marefu. Tafuta mtu asiyejua habari za malori, alimalize somo peke yake, wewe ukiwa mbali. Akiweza, nenda kwenu."

Mama Wakesho, mtu huyo ni wewe. Nimemtumia binti yetu anwani ya somo. Akufungulie, kisha atoke nje. Usimwachie akupitishie. Yeye hujibu mbiombio, nawe husoma kila swali mara mbili ukiguna, na programu itanionyesha ni nani aliyeshika simu.

Nisalimie mama mkwe. Msalimie shemeji fundi cherehani, umwambie suruali yake bado inanibana. Dada yangu anayefukuza tembo kwa kupiga debe, mwambie asichoke.

Ni mimi mumeo, ninayesubiri matokeo yako,

Baba Wakesho

Nilikuwa nimeandika hapa chini jibu la swali la saruji, nikalifuta kwa kuwa si haki. Ila unajua nikiandika hukandamiza sana kalamu. Ukiinua karatasi hii juani, sitakuwa na la kusema.