Siku Saba Upande wa Mashuka

Ijumaa, 1 Agosti

Nimefunga! Kibao mlangoni: DOBI AMEKWENDA KISIWANI. Miaka kumi na moja napiga pasi suruali za watu huku nikitazama picha ileile ya kalenda — mchanga mweupe, maji ya kijani, kitanda cha kamba kati ya minazi miwili. Kalenda ilishapitwa na wakati, sijaibandua. Mwalimu (mume wangu, anafundisha jiografia na hakuachi usahau) amechora ramani ya safari kwa rangi tatu. Mama mkwe amepakia koti la baridi. Nikamwambia kule ni joto. Akasema joto nalo huisha. Binti yetu Kasuku, miaka tisa, anaimba "kisiwani, kisiwani" tangu asubuhi. Sijali. Siku saba sigusi pasi!

Jumamosi, 2 Agosti

Gatini boti mbili. Moja ina foleni, nyingine haina. Mwalimu akatazama jua, akatazama ramani yake, akasema ni ile isiyo na foleni. Nikasema tuulize. Akasema, mwalimu wa jiografia aulize njia?

Tukapanda. Abiria wenzetu walikuwa magunia ya sabuni.

Tumefika. Kisiwa ni kisiwa kweli, maji pande zote. Lakini kuna banda refu la mabati linalofuka mvuke, na kamba kutoka mnazi hadi mnazi, mashuka meupe yanapepea mpaka macho yanaumia. Mama mmoja mnene, kalamu sikioni, akatukimbilia: "Jamani, mmefika! Wanne, kama nilivyoomba!" Akatugawia aproni.

Hapa ndipo hoteli tuliyolipia inapofulia nguo. Hoteli yenyewe iko kisiwa cha pili. Kinaonekana! Nilikaa juu ya sanduku langu nikacheka mpaka Mama mkwe akanipa maji.

Jumapili, 3 Agosti

Yule mama ndiye mkuu wa madobi. Wenzake wanamwita Mama Foronya. Ameiita hoteli kwa redio ya mawasiliano. Wakajibu: wageni wale wanne walishafika jana, wako chumbani, wamefurahi kupita kiasi.

Sasa sisi ni nani?

Mama Foronya akapiga hesabu kwa vidole. Alikuwa anasubiri wafanyakazi wapya wanne, mtu na mkewe, mama yao, binti yao. Ndio hao! Walipanda boti yenye foleni.

Mwalimu akanyakua redio, akajitambulisha kwa latitudo na longitudo. Wakamwambia avute subira, boti ya sabuni itarudi Alhamisi. "Alhamisi! Alhamisi!" akaitikia Kasuku. Nilimtazama tu.

Mwalimu ana darubini. Amemwona mwanamume amejinyoosha kwenye kitanda cha kamba. Kitanda changu!

"Anafanya nini?"

"Anakula nanasi."

"Limekatwa?"

Akarekebisha darubini. "Limekatwa."

Jumatatu, 4 Agosti

Watu wa hapa hawana neno. Wametupa vyumba safi, chakula tunakula nao. Hakuna aliyenitaka nifanye lolote. Nimejilaza.

Bado nimejilaza.

Dirishani nawaona wanavyokunja mashuka. Wanaanzia katikati! Nimegeukia ukutani.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeshindwa. Nilikwenda kuwaonyesha kona tu. Kona mbili, basi. Saa sita mchana nilikuwa kwenye pasi kubwa ya mvuke — ndefu kuliko duka langu zima! Shuka linaingia limekunjamana kama uso wa Mama mkwe akionja mchuzi wangu, linatoka kama karatasi. Dukani nina pasi mbili, na moja ina shoti. Mama Foronya akasimama nyuma yangu kitambo. Kisha: "Dada, wewe ni mgeni wa aina gani?"

Mwalimu anapanga kamba kufuata upepo. Anawahutubia, na wanamsikiliza! Darasani kwake hata chaki haimsikilizi. Mama mkwe anakagua madoa. Amerudisha mataulo thelathini, hana huruma. Eti hajawahi kupumzika hivi.

Jumatano, 6 Agosti

Mashuka mia nne. Mikono inauma, lakini inauma vizuri. Sikutazama upande ule hata mara moja. Mara moja tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Boti imekuja. Naandika nimekalia furushi la foronya, gatini.

Meneja wa hoteli ameshuka, jasho linamtiririka, pole zimemjaa mdomoni. Nyuma yake wale wanne. Kofia za ukindu, maua shingoni, ngozi inang'aa kwa mafuta. Sisi tumesimama na aproni, nimejaa povu hadi viwiko. Meneja, kwa mazoea, akamwendea yule mwanamke mwenye maua, akainama, akamwomba radhi kwa usumbufu wote. Yule mwanamke akapokea radhi! Kisha akanitazama akaona haya.

Ikabidi meneja aulize wazi: "Samahani, wageni ni wepi?"

Watu wanane tukatazamana. Mwalimu alishafungua mdomo kusema, akanitazama mimi kwanza. Hata Kasuku kanyamaza. Mama mkwe na mama wa upande wa pili wameshaanza kubishana juu ya doa la embe kwenye taulo. Meneja ameingia bandani kutafuta karatasi yenye majina.

Yule mwanamke amekuja kukaa kwenye furushi, karibu yangu. Vidole vyake vina makovu ya pasi kama vyangu. Akaniambia kule anaamka saa tatu asubuhi, hakuna anayemwita. Hajawahi tangu azaliwe. Nikamwambia pasi ya hapa inatoa shuka kama karatasi. Akasema anaijua, alizeekea kwenye moja kama hiyo.

Akashusha sauti. "Dada, zimebaki siku mbili tu za likizo."

"Zako au zangu?"

Amelitazama banda la mvuke, kisha kisiwa cha pili. Nahodha amewasha injini. Meneja anarudi na karatasi yake, na yule mwanamke kanishika mkono, wenye povu hivyohivyo, na mimi sijautoa —