Amoni Alinisindikiza Vwawa

Isansa, Mbozi,
Songwe.
15 Juni 2025

Mpendwa dada Nesta,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Miguu inaendeleaje? Shemeji aliniambia bado inavimba ukisimama sana sokoni, nawe hutaki kukaa. Ubishi umezaliwa nao, lakini kaa, dada. Nyanya zitauzika hata ukiwa umeketi.

Sisi huku ni wazima wa kadiri. Mume wangu Danford anasumbuliwa na mgongo, na kahawa ndiyo imeanza kuiva, basi kila siku ananung'unika na kila siku yuko shambani.

Mwanao Amoni amerudi. Najua ulimsikia kwenye simu, ukalia mpaka simu ikakatika. Mwaka mmoja na miezi minane mahabusu, halafu asubuhi moja mahakama inaambiwa upande wa mashtaka hauna nia ya kuendelea na kesi, na mtu anaambiwa aende nyumbani. Hakuna aliyempa hata pole.

Amekonda. Anameza dawa za kifua, na nesi anasema atapona. Lakini yapo mambo ambayo nesi hana dawa yake. Akifika kwenye mlango uliofungwa husimama akingoja afunguliwe, hata ukiwa wa choo. Juzi Danford alimwita kwa sauti kubwa, naye akachuchumaa pale pale, mikono kichwani, kama walivyokuwa wakihesabiwa huko mahabusu. Danford alikwenda nyuma ya ghala akalia. Mimi sikulia, maana sina haki hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningekudanganya tena. Nilikuambia Amoni alizolewa kwenye msako. Si kweli, dada. Nilimpeleka mimi.

Unakumbuka mwaka ule pombe ilivyokuwa imemteka. Aliniibia kahawa, nikaona nimefika mwisho. Huku kijana akishindikana, wakubwa wake humpeleka kituoni, wakamwomba askari amlaze ndani siku mbili tatu atie akili. Jirani yangu alifanya hivyo kwa mwanawe, na leo mwanawe ni mwimbaji wa kwaya. Nikaona na mimi nijaribu. Nilimwambia Amoni anisindikize Vwawa kuuza maharage. Alibeba kikapu njia nzima, akinitania kwamba natembea kama bibi harusi.

Kabla ya sokoni nikapitia kituo kimoja cha polisi, ambako nilikuwa nimeshazungumza na askari. Amoni akakaa kwenye benchi, kikapu mapajani. Akaniuliza, "Mama mdogo, nikusubiri hapa?"

Nikamwambia ndiyo. Nikatokea mlango wa nyuma.

Niliomba siku tatu. Siku ya tatu nilipokwenda na uji nikaambiwa wiki ile kuna gari lilitekwa barabara kuu, vijana wamekamatwa, na Amoni ameunganishwa nao. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kesi isiyo na dhamana. Nikasema huyu nimemleta mwenyewe, nilitaka atishwe tu. Askari akanijibu, wala si kwa ukali, kwamba faili limeshafunguliwa. Kila baada ya wiki mbili nikawa mahakamani, na kila mara upelelezi haujakamilika.

Huko ndiko nilikomfahamu Elina, msaidizi wa kisheria anayetembelea mahabusu. Elina anasema utumwa ulikomeshwa na watu waliochekwa kwanza, na iko siku wajukuu zetu watatushangaa sisi kwa hawa tunaowafungia bila hukumu. Wenzake wengine wanakwenda mbali zaidi, wanataka magereza yenyewe yaishe. Nikamuuliza wezi watawekwa wapi. Akasema zamani nao waliuliza, watumwa wakiachwa huru pembe za ndovu zitabebwa na nani? Mpaka leo sijui kama yuko sawa kwa yote.

Lakini maneno yake yalinirudisha kwa bibi Rozi. Unakumbuka alivyokuwa akitusimulia habari za bibi yake, Namwinga? Sisi wadogo tulitaka kusikia juu ya msafara, kamba shingoni, na jinsi alivyotoroka. Bibi yeye alirudia palepale tulipopachoka: kwamba Namwinga hakuibwa na mgeni. Ilikuwa njaa, mjomba wake akamweka rehani kwa mahindi, mpaka mavuno tu. Alimwambia wanakwenda kusalimia ndugu, akamsindikiza mwenyewe. Kabla ya mavuno msafara ukapita, akauzwa. Aliporudi, mpaka kufa kwake hakukubali kusindikizwa na mtu, hata kisimani. Kikulacho ki nguoni mwako, bibi alikuwa akisema, nasi tukidhani anasema juu ya chawa.

Nilimlaani sana mjomba yule, dada. Kumbe naye alitaka mpaka mavuno tu.

Siku Amoni aliporudi nilimpikia kande. Alikula vijiko vichache, akaweka chini, akasema, "Samahani, mama mdogo. Nilikuahidi nitakusubiri, wakanichukua kabla hujatoka." Muda wote huo mwanao alikuwa amejibebesha kosa la kutonisubiri. Nikaondoa sahani.

Uliniachia mtoto akiwa na miaka kumi na mitano. Sikuombi unisamehe leo. Naomba tu ujue.

Wasalimie shemeji, Brian na Faith. Mungu aitulize miguu yako, na moyo wako usiumizwe na mwingine kama nilivyouumiza mimi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fausta

Dada, barua nimeifungua tena. Amoni anakuja kwako Kitwe Jumatatu, na nilikuwa nimeshaigundisha bahasha ili akuletee mwenyewe. Ndipo nikakumbuka kile kikapu. Ningekuwa namtuma mara ya pili akiwa hajui anakopelekwa.

Basi nimemsomea yote, tumekaa kizingitini. Alisikiliza akitazama chini. Nilipomaliza alisema niandike kwamba kahawa ilikuwa magunia mawili, na aliyauza kweli, asije akaonekana malaika kwa mama yake. Nimeandika. Kisha akainuka, akawaingiza kuku bandani.

Nikamwambia Jumatatu tutakwenda wote hadi Tunduma, nimwone akivuka mpaka. Akaichukua bahasha mkononi mwangu. "Barua nitaipeleka," akasema. "Ila usinisindikize."

Kwa hiyo atakuja peke yake. Ukisikia hatua nje, usingoje abishe. Mfungulie.