Mama Ameniweka kwa Maombi

Jumanne usiku

Bado nina aibu, lakini nacheka peke yangu.

Asubuhi nilikuwa nimeamua kufunga ule ukurasa wangu wa mtandaoni wa kuuza vitambaa vya makochi ninavyoshona. Watu wanabonyeza tu mioyo kwenye picha, hakuna anayeagiza. Nikampigia Mama, nikamwambia nimechoka, labda nirudi kuomba kazi yangu ya ofisi kule town.

Sikujua angeipeleka wapi hiyo habari. Mchana nikaona ujumbe wake kwenye grupu ya WhatsApp ya akina mama wa kanisa letu hapa mtaani Satellite, ambayo nami nimo: "Tumuombee binti yangu Wambui, biashara yake ya mtandaoni imelala."

Watu walionijua tangu nikiwa mtoto! Nilikasirika hadi chakula kikanishinda.

Kisha mwenyekiti wao, Mama Njoro, akajibu: "Tutaomba. Lakini kwani anauza nini? Atume picha."

Nikatuma, na kufikia jioni nimepata oda nne. Moja ni ya sebule nzima, ya dada yake Mama Njoro anayekaa Spring Valley. Kumbe nimekuwa nikitangazia vijana wasio na hata kochi, na wenye makochi tunakaa nao benchi moja kila Jumapili. Asante Mungu.

Naogopa bado. Oda nne si mshahara, na nikichelewa kuzimaliza, kanisa lote litajua.

Mama amepiga sasa hivi, sauti ya chini. "Umenikasirikia? Niwaambie waache kuomba?"

"Hapana, Mama. Waambie waendelee hadi Krismasi."